Kioo hakijavuja, mwanga ndio unaovuja

Mtu ananunua kompyuta mpakato mpya. Usiku anazima taa ya chumba atazame filamu, anaona weupe kwenye kona ya skrini. Kesho yake anamwambia fundi, "Kioo kimevuja," na fundi anamtajia bei ya kioo kipya. Wote wawili wamesema Kiswahili safi, ila kila mmoja ana kitu chake kichwani.

Kuvuja kwa mwanga wa nyuma ni pale mwanga wa taa zilizo nyuma ya skrini ya LCD (yaani ya fuwele za kimiminika) unapopenya pembeni, mahali palipotakiwa kuwa peusi. Taa hizo ni mstari wa LED ndogo, mara nyingi kwenye ukingo wa chini, na bamba la plastiki husambaza mwanga wake nyuma ya skrini nzima. Fuwele za kimiminika zilizo mbele hazitoi mwanga. Kazi yake ni kuuzuia au kuupitisha. Fremu ikibana sehemu moja kuliko nyingine, au skrini ikipinda kidogo ilipofungwa kiwandani, mwanga hupata upenyo. Skrini ya OLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, haina taa ya nyuma, kwa hiyo ugonjwa huu hauijui.

Kinachotuchanganya ni kitenzi chenyewe. Mtungi unavuja, na maji pia yanavuja: chombo na kilichomo hubeba kitenzi kilekile. Wahenga waliposema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, walikitaja chombo. Kwa mafundi wa simu na kompyuta, "kioo kimevuja" tayari ina maana yake: kioo kimepasuka, fuwele zimetoka mahali pake, na doa jeusi au la zambarau linatanda kama wino. (Wengine husema kimevuja wino, ingawa ndani hamna wino wowote.) Dawa ya hilo ni kubadilisha kioo tu. Mwanga unapovuja, kioo ni kizima na hakuna kilichomwagika. Hata viambishi vinasaidia: kioo kime-vuja, tukio limeshatokea, labda kilianguka; mwanga una-vuja, tangu siku ya kwanza, kila skrini inapowaka.

Halafu kuna kosa la pili, na hili ndilo linalorudisha madukani kompyuta nyingi zisizo na ubaya: kuuita mng'ao wa IPS "kuvuja". IPS ni aina ya skrini ambayo Hitachi iliiingiza sokoni mwaka 1996, na leo imejaa kwenye laptopu. Ukiitazama kwa mshazari ikiwa nyeusi, vichujio vyake viwili vya mwanga haviwezi kuziba njia zote, na kona hung'aa kijivu, njano au buluu. Ukikaa karibu, kona huwa unaziona kwa mshazari hata kama uso wako uko katikati. Huo si ubovu. Ndivyo IPS ilivyo, na ukibadilishiwa utapewa nyingine yenye mng'ao uleule. Vilevile weusi kamili usiutarajie: skrini yenye mwangaza wa niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza) na utofauti wa 1000 kwa 1, yaani nyeupe kuizidi nyeusi mara 1000, bado hutoa niti 0.3 inapoonyesha nyeusi.

Kuvitofautisha ni kazi ya dakika chache. Acha kompyuta iwake kama nusu saa, zima mwangaza unaojirekebisha wenyewe, fungua picha nyeusi tupu ijaze skrini, kisha zima taa za chumba. Kaa sentimita 60 hivi, halafu rudi nyuma hadi mita 2 na usogeze kichwa kushoto na kulia. Weupe unaohama au kufifia ni mng'ao. Unaobaki palepale, umeshikamana na ukingo, ni mwanga unaovuja. Usiiamini picha ya simu, maana kamera huongeza mwanga gizani na kufanya weupe kidogo uonekane kama moto. Punguza mwangaza wa kamera hadi picha ifanane na unachokiona. Rudia jaribio kwa mwangaza unaoutumia kila siku, tuseme asilimia 40. Kama hapo huuoni tena, ishi nayo.

Ukiuona bado, shika mfuniko kwenye kona mbili na uukunje kidogo sana. Weupe ukibadilika, chanzo ni mbano wa fremu. Waranti ikiwa hai, irudishe bila kufungua chochote. Waranti ikiwa imekwisha na fremu inashikwa kwa skrubu, fundi anaweza kulegeza zilizo karibu na eneo hilo robo mzunguko na kutazama tena. Skrini iliyogandishwa kwa gundi haina nafasi hiyo. Ule ushauri wa kusugua kioo kwa kitambaa na kidole gumba uuache kabisa: shinikizo hukunja karatasi laini za ndani zinazotawanya mwanga, na kubakiza doa jeupe la kudumu katikati ya skrini, pabaya kuliko kona.

Dukani, basi, usiseme kioo kimevuja. Sema: "Mwanga unavuja ukingo wa chini, upande wa kushoto, na hauhami nikisogea." Muuzaji ataelewa kwamba hukuiangusha.