Bushi ya skeitibodi ni nini, na kwa nini "ngumu" haimaanishi inarudi haraka

Jumapili nimeisikia tena. Kijana kapanga koni zake vizuri kwenye mteremko, anashuka anayumbisha bodi, koni nne za kwanza safi kabisa, ya tano anaichelewa, ya sita anaikanyaga. Anapanda tena juu huku anahema anasema "bushi zangu laini, nahitaji ngumu zaidi ili zinirudishe haraka". Mwenzake kachomoa spana mfukoni, anamwambia wala usipoteze hela, kaza tu nati zitakuwa ngumu. Makosa mawili ndani ya dakika moja, na yote mawili nimeyasikia kwa watu wazima wenye bodi za bei mbaya, kwa hiyo leo naandika.

Bushi kwenye skeitibodi ni kile kipande cha poliurethani (plastiki inayovutika kama mpira, kwa kifupi urethani), kama donati nene yenye tundu katikati, kinachovalishwa kwenye kingpini, ile bolti kubwa ya katikati ya traki. Traki hapa usifikirie lori, ni kile chuma chini ya ubao kinachobeba ekseli na magurudumu. Kila traki ina bushi mbili, moja upande wa ubao na moja upande wa barabara, katikati yao imekaa hanga, ile sehemu ya traki iliyoshika ekseli, kingpini inapita ndani ya zote na nati inazishikilia. Ukiegemea, bushi zinabanwa na ekseli inageuka, bodi inakata kona. Ukiacha kuegemea bushi zinajitutumua kurudi kwenye umbo lake na bodi inanyooka. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina makuu.

Shida imeanzia kwenye jina.

Wengi wetu neno bushi tumelipata gereji. Gari inagonga ukipita kwenye tuta, fundi anaingia chini, anatoka anakwambia bushi zimekufa. Hapo anaongelea ile raba iliyobanwa katikati ya vyuma viwili ili visigongane. Lakini nenda Gerezani pale Dar, mpelekee mkerezaji mashine ambayo shafti yake imekula tundu, atapima kipenyo, atachukua kipande cha shaba na kukukerezea bushi. Hiyo haina raba, haibonyei, haisukumi kitu, ni bomba fupi tu linaloingizwa kwenye tundu ili shafti izungukie humo na ikilika ulitoe uweke lingine bila kutupa mashine nzima. Yote mawili tunaita bushi, na lile la mkerezaji ndilo la asili.

Kwa sababu neno lenyewe maana yake ni boksi. Watu wengi wakisikia bushi wanafikiria "bush" ya Kiingereza yaani kichaka, na mtu mmoja aliwahi kunieleza kwa uhakika kabisa kwamba ziliitwa hivyo kwa ajili ya magari ya porini. Hapana. Hayo ni maneno mawili yenye sauti moja na hayana undugu. Bushi ya mafundi Waingereza waliitoa kwa Waholanzi, *busse*, maana yake boksi au kopo, halafu ikawa jina la lile bomba fupi la chuma lililovalishwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mkokoteni ili ekseli isile mbao. Na *busse* yenyewe imetoka kwenye Kilatini *buxis*, nacho kikatoka kwenye Kigiriki *pyxis*, kijiboksi cha kuwekea dawa au mapambo, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilichongwa kwenye mti uitwao *pyxos*. Wajerumani nao wana *Buchse* kwa bushi na *Büchse* kwa kopo, ukoo huohuo.

Sasa angalia kitu kinachonifurahisha kila nikikifikiria. Neno boksi tulilolipata kwa Waingereza ni tawi la mti huohuo. Na bweta, lile la bibi la kuwekea hirizi na hereni, ambalo lilitufikia pwani kwa Wareno, nalo ni tawi la mti huohuo. Yaani bushi, boksi na bweta ni ndugu watatu walioingia Kiswahili, wawili kwa mlango wa Waingereza na mmoja kwa wa Wareno, na hawajui kama ni ndugu.

Narudi kwenye traki. Kama bushi ni boksi dogo ambalo kitu kinazungukia ndani yake, basi kwenye traki ya skeitibodi kipo kipande chenye haki kamili ya jina hilo, na sicho hizo donati. Ni kile kikombe kidogo cha plastiki au urethani kilichozama kwenye bamba linalofunga traki chini ya ubao, ambamo ile pua ya hanga inaingia na kugeukia. Tunakiita kikombe cha pivoti na hakuna anayekikumbuka mpaka kianze kulia kwiki kwiki. Hicho ndicho bushi kwa maana ya mkerezaji wa Gerezani. Zile donati kazi yake ni nyingine kabisa, zile ni springi. Watu wa viatu vya magurudumu wao donati hizohizo wanaziita kusheni, na hata hilo naona halijafika, kwa sababu kusheni inapokea tu, ukiikalia inabonyea na imekaa kimya. Springi inapokea halafu inarudisha.

Na hapa ndipo kosa la yule kijana lilipozaliwa. Ukiliita kitu bushi na kichwani una picha ya ile raba ya gari, utakipima kama raba ya gari inavyopimwa: imelegea au imekaza, laini au ngumu. Hakuna anayemuuliza fundi bushi ya mkono wa gari inarudisha kiasi gani, haijawekwa pale kwa ajili hiyo. Lakini kwa mtu wa slalomu, yaani huo mchezo wa kupita koni, hilo ndilo swali la kwanza.

Ile namba unayoiona pembeni ya bushi, 78A, 85A, 90A, inatokana na kipimo cha Albert Shore, Mmarekani aliyetengeneza kifaa hicho miaka ya 1920. Kinafanya kitu kimoja tu: kina sindano butu inayosukumwa na springi, unaikandamiza kwenye mpira au urethani, halafu unasoma imezama kiasi gani. Ikizama yote unasoma sifuri, isipozama kabisa unasoma 100. Herufi A inataja aina ya skeli, ile ya vitu vya jamii ya mpira. Kwa hiyo namba inakwambia itakupasa usukume kwa nguvu kiasi gani ili bushi ibonyee. Haisemi lolote kuhusu itakachofanya ukiiachia. Hamna sehemu kwenye ile namba inayosema itarudi, wala itarudi kwa haraka gani, wala itarudisha kiasi gani cha nguvu uliyoitia.

Kama huamini, chukua bushi mbili za namba moja, tuseme 85A zote, moja imemiminwa kwa urethani inayodunda na nyingine kwa urethani tulivu, ziachie kutoka usawa wa kiuno zianguke kwenye sakafu ya sementi. Moja itaruka mpaka magotini, nyingine itasema pu na kubaki palepale kama kipande cha udongo. Ugumu sawasawa, kurudi tofauti kama mchana na usiku. Ile iliyobaki chini imekula nguvu yako na kuigeuza joto ndani yake. Si kwamba ni mbovu, kuna wanaoshuka milima kwa kasi wanaipenda hivyo kwa sababu inakula na mtikisiko wa barabara, bodi inatulia chini ya miguu. Ila kwa slalomu itakuua.

Maana slalomu ni nini? Ni kupita koni kwa zamu, kushoto kulia kushoto kulia, na kwenye ile ya kubana koni zinaweza kuachana mita moja na nusu au mbili tu. Mchezo huu ulishika moto Kalifonia katikati ya miaka ya 1970, watu walikuwa wanakutana Jumapili La Costa, kwenye barabara mpya za mtaa ambao nyumba zake zilikuwa bado hazijajengwa, na ni miaka hiyohiyo traki zilipoanza kutengenezwa maalum kwa skeitibodi, Bennett na Tracker zote zikaja 1975. Mpaka leo kiini chake hakijabadilika: ukitoka kwenye koni hii bodi iwe imesharudi katikati kabla hujaianza inayofuata, na pia unapampu, yaani unatumia kule kuyumba kujiongezea mwendo bila kuweka mguu chini. Nguvu ya kupampu inapita kwenye bushi. Bushi ikiila, umepampu bure. Yule kijana koni ya tano aliichelewa kwa sababu bodi ilichelewa kurudi kutoka ya nne, hilo aliliona sawasawa kabisa, jicho lake zuri. Dawa ndiyo aliyoikosea. Angeweka bushi ngumu zaidi za urethani ileile tulivu angepata bodi isiyotaka kuegemea NA isiyorudi, yaani hata koni ya tatu asingeifika.

La nati nalo. Ukikaza nati bushi haigeuki kuwa ngumu, umeibana tu kabla hujaanza safari. Fikiria springi ina sentimita moja ya kwenda, wewe kwa spana umeshatumia nusu yake, imebaki nusu ya kufanyia kazi. Ndiyo, katikati utahisi imekaza, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu, lakini ukiegemea kidogo tu urethani inakosa pa kwenda, inavimba pembeni, inagota, na mwisho inapasuka au inaacha alama ya washa, ile pete ya chuma inayokaa juu ya bushi, kama mkate uliokandamizwa. Kanuni ninayoifuata ni rahisi, kaza mpaka washa isizunguke ovyo kwa kidole, ongeza kidogo, acha. Ukiona unahitaji mizunguko mitatu zaidi ndipo ujisikie salama, traki inakwambia bushi ni laini kwa uzito wako, kanunue namba ya juu. Na kinyume chake kipo pia, ukiona unaziacha nati zinakaribia kudondoka ndipo bodi igeuke, shuka namba.

Kununua kwenyewe siongezi mengi, uzito wako ndio unaamua namba na urethani ndiyo inayoamua kurudi, hayo ni maswali mawili na lazima uyaulize yote mawili. Mbele na nyuma havifanani, traki ya mbele ndiyo inayoongoza kwa hiyo inawekewa laini kidogo, ya nyuma inafuata na kushikilia kwa hiyo ngumu zaidi, mimi nina kilo 72 na naendesha 83A mbele na 90A nyuma lakini hizo ni namba zangu, usizibebe kama dawa. Umbo nalo lina neno, ya pipa imejaa na inarudisha kwa nguvu, ile ya koni imechongoka inakuachia uegemee mbali zaidi, wengi wa slalomu wanaweka pipa upande wa ubao halafu upande wa barabara kila mtu na lake. Washa bapa inaipa bushi nafasi ya kupumua, washa ya kikombe inaikumbatia. Kimo pima kwa rula kabla ya kuagiza maana traki hazilingani, nimeshaletewa seti nzuri kabisa ambayo nati haikufika hata kwenye nyuzi za kingpini. Na kumbuka joto, urethani inalainika kwenye lami ya saa nane mchana, ukipima asubuhi halafu ukashindana mchana usishangae.

Basi mdogo wangu wa Jumapili, naamini utasoma hapa. Hukukosea kusema bushi, jina limeshazoeleka na mimi mwenyewe nalitumia, nani ataanza leo kusema springi za urethani. Ila ukienda kuagiza usiseme tu "nipe ngumu". Taja kilo zako, sema ya mbele au ya nyuma, halafu sema unataka zinazorudi, na muuzaji akikujibu kwa namba peke yake muulize tena urethani gani. Hizo 85A ulizonazo mbele usizitupe bado, nimeziona zimekaa na vimo vyake ni sawa. Rudisha nati pale ilipokuwa kabla ya rafiki yako kutoa spana, shuka mara tatu nne hivi, halafu Jumapili niletee nizidundishe chini tuone.