"Nasubiri Siku ya Macho": dhana ninazokutana nazo kila Oktoba

Oktoba ikikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Daktari, siku ya macho mwaka huu ni lini?" Anayeuliza amesikia redioni au ameona bango stendi. Ukimdadisi kwa nini anataka kujua, atakwambia jicho la kushoto lina ukungu tangu Pasaka. Tangu Pasaka, na muda wote huo amekaa anahesabu miezi!

Nafanya kazi ya macho hapa Mbeya. Ningepewa nafasi ya kufuta dhana moja tu vichwani mwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, ningeiacha ile ya karoti na ile ya miwani, nikaifuta hii: kwamba siku ya kimataifa ya ugonjwa ndiyo siku ya kutibiwa ugonjwa huo.

Siku ya Macho Duniani ilianzishwa mwaka 1998 kwa juhudi za Lions Clubs, na huwa Alhamisi ya pili ya Oktoba. Kazi yake ni kukumbusha. Inawakumbusha wananchi wakapime, na inawakumbusha wenye kupanga bajeti kwamba upofu mwingi unazuilika. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kliniki zifungwe miezi mingine 11. Januari tunapima. Aprili mvua ikinyesha tunapima.

Mwaka 2025 Alhamisi hiyo iliangukia tarehe 9. Kesho yake, Ijumaa, alikuja mzee mmoja kutoka Rungwe. Alikuwa amesimama getini muda mrefu akitafuta mahema na spika, hadi mlinzi akamuuliza anamtafuta nani. Alipoingia nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatoa mfukoni mwa koti kipeperushi kilichokunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo hadi herufi nyingine zimefutika. Kiliandikwa tarehe 10 Oktoba. Kilikuwa cha mwaka 2024, ambapo Alhamisi ya pili ilikuwa kweli tarehe 10.

"Kumbe nimechelewa siku moja, mwanangu," akasema. "Utanisaidia, au nirudi mwakani?"

Nikamkalisha. Jicho la kulia alisoma chati karibu yote, akatabasamu. Nikamwambia aniangalie puani asipepese, nikaleta kidole changu kutoka pembeni polepole, nikitikisa ncha yake. Mtu mwenye macho mazima hukiona kidole kikiwa bado mbali kabisa. Mzee alisema "nakiona" kilipokuwa kimefika karibu na shavu langu. Nikarudia juu, nikarudia chini, ikawa vilevile. Alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Jicho la kushoto halikuona kidole kabisa, liliona mwanga tu. Presha ya jicho la kulia ilikuwa 30, ya kushoto 38. Kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Nilipomulika ndani, mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto ulikuwa umepauka wote, na wa kulia ulibaki ukingo mwembamba tu wenye rangi ya uhai.

Nikamuuliza alianza kuona tofauti lini. Akasema wakati wa kuvuna mahindi alianza kugonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango, na siku moja alikanyaga mche wa parachichi uliokuwa mbele ya miguu yake. Hakusikia maumivu yoyote. Akajiambia mwezi wa kumi si mbali.

Hii ndiyo sababu dhana hii inaniuma kuliko zote. Mzee ana glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu ya presha ya jicho kupanda. Kwa kawaida glakoma haiumi. Huanza kula pembeni na kuliacha eneo la katikati hadi mwishoni, ndiyo maana mtu anasoma Biblia vizuri huku bega linagonga milango. Na kilichokufa kwenye mshipa ule hakirudi, kwa matone wala kwa upasuaji. Tunachoweza ni kushusha presha ili kilichobaki kisife. Mzee yule angekuja alipogonga mlango mara ya kwanza, ningekuwa na zaidi cha kumlindia. Pale getini angeweza kufika Jumanne yoyote ya Juni, akapimwa kwa mashine ileile na mikono ileile.

Tena, kama ni kufuata kalenda, Wiki ya Glakoma Duniani huwa Machi. Kwa hesabu ya kusubiri siku, alikuwa akisubiri mwezi usio wake.

Sisemi kambi za macho hazina maana. Nashiriki, nazipenda, na zinawafikia watu wa Umalila na wa bonde la Usangu ambao nauli ya kuja mjini ni mzigo. Ila kambini kuna foleni ya mamia ya watu, chati imetundikwa ukutani, tochi iko mkononi. Tukimtilia mtu shaka tunamwandikia barua aje kliniki. Barua ile ndiyo mwanzo wa matibabu, na wengi wanaiweka kabatini wakiamini wameshatibiwa. Wengine wanapewa chupa moja ya matone, inakwisha baada ya kama mwezi, halafu wanasubiri Oktoba nyingine wapewe ya pili. Matone ya glakoma ni ya kila siku, maisha yote. Na nitalirudia hili hata kama wagonjwa wangu wamelichoka: ukishadondosha tone moja, funga jicho, bana kona ya ndani karibu na pua kwa kidole, hesabu dakika 2. Dawa ibaki jichoni, isishukie kooni. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa timolol, mojawapo ya matone hayo, maana inaweza kumbana kifua.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Mimi sina presha, nilipimwa mkononi." Presha ya mkononi ni ya damu, ya jicho ni ya maji yaliyo ndani ya jicho. Unaweza kuwa na moja bila nyingine, na kipimo cha mkono hakitaniambia lolote kuhusu jicho lako.

"Ni uzee tu." Hii huja sana tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, siku ambayo wazee wanapewa heshima na chakula kizuri, na macho yao hayaulizwi. Kushindwa kusoma maandishi ya karibu baada ya miaka 40 ni kawaida, na miwani ya kusomea ya pale Mwanjelwa itakusaidia, sina ugomvi nayo. Kupofuka si sehemu ya uzee. Anayekuuzia miwani sokoni hajapima presha ya jicho lako, basi usihesabu kwamba umepimwa.

"Mtoto wa jicho lazima akomae kwanza." Ushauri huu ni wa upasuaji wa zamani. Siku hizi tunatoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya bandia, mara nyingi chini ya nusu saa. Ukisubiri, lenzi inakuwa ngumu na kazi inakuwa nzito kwako na kwa daktari. Na hapana, jicho halitolewi likawekwa shavuni. Nimeshawaapia watu kwa hili mbele ya ndugu zao.

"Miwani inaharibu macho ya mtoto." Haiharibu. Mtoto anayekodoa macho ubaoni mwalimu wake humwona kabla ya mzazi. Wazazi, mwalimu akikwambia mpeleke akapimwe, mpeleke wiki hiyohiyo. Kinachoharibu ni matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ambayo watu wananunua duka la dawa bila cheti kwa ajili ya macho yanayowasha. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze huku kwetu kuna upepo na vumbi, watoto wenye mzio wanajikuna hadi macho yanakuwa kahawia, mama anapata nafuu ya tone moja, anaendelea nalo miezi sita. Nimeona watoto wa shule ya msingi wakipata glakoma kwa njia hiyo.

"Kula karoti." Tarehe 16 Oktoba ni Siku ya Chakula Duniani, na lazima nitaulizwa. Vitamini A ni muhimu kweli kwa mtoto mdogo: viazi lishe, papai, mayai na mboga za majani zinatosha, karoti haina upekee. Hapa niseme kuna siku za kampeni ambazo zinastahili kusubiriwa, zile za Juni na Desemba ambapo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mdomoni. Hiyo ni huduma yenye ratiba, usiikose. Ila hakuna karoti inayoshusha presha ya jicho.

"Fimbo nyeupe ni ya kipofu wa kabisa." Tarehe 15 Oktoba watu wanakumbuka sabuni, kwa sababu ni siku ya kunawa mikono, na wanasahau kwamba ni siku ya fimbo nyeupe pia, iliyoanza Marekani mwaka 1964. Aliyebakiwa na uoni wa katikati tu anaihitaji sana, hasa kwenye njia zetu za mitaro. Mzee wa Rungwe aliikataa mara ya kwanza. Alisema watu watadhani anaomba. Nikamwachia aifikirie.

Ushauri wangu wa nyumbani ni huu. Tundika kalenda ukutani, na kila mwanzo wa mwezi ukiifunua, ziba jicho moja uisome, kisha jingine. Ukungu na mtoto wa jicho utawakamata hivyo. Glakoma changa hutaikamata, ndiyo maana mwenye miaka 40 na zaidi aje apimwe, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua asisubiri hata hiyo 40. Watu weusi tunaipata mapema na inatuathiri zaidi.

Mzee ana watoto sita. Nilimwomba awatume wote, wamekuja wawili. Wiki iliyopita binti yake mwenye duka Tunduma alinipigia, akaamkia, akauliza kambi nyingine ni lini. Nikamwambia aje Jumatatu saa mbili asubuhi, na asije anaendesha gari mwenyewe, maana dawa ya kupanua mboni itamfanya asione sawasawa hadi jioni.