Strelizia yako haitoi maua? Niambie kwanza inakaa wapi

Wiki haipiti bila mteja kunitumia picha ya strelizia yake WhatsApp. Sebule safi, makochi ya kijivu, na pembeni ya televisheni mmea wenye majani kama ya mgomba unakaribia kugusa dari. Chini yake ujumbe: "Dada, una mwaka wa nne huu, sijaona hata ua moja. Niweke dawa gani?"

Dawa hakuna. Ila kabla hajatumia hela humuuliza mambo mawili: ni strelizia ipi, na jua linaifikia kwa saa ngapi.

Tunazouza sana hapa Dar ni mbili, zote za kusini mwa Afrika. Strelitzia reginae ndiyo yenye lile ua la chungwa na buluu linalofanana na ndege mwenye kishungi. Haina shina, majani yanachomoza udongoni kwa vikonyo virefu, na kimo chake huishia kama mita moja na nusu. Jina ni la Malkia Charlotte wa Uingereza, aliyezaliwa ukoo wa Mecklenburg-Strelitz. Mmea ulifika bustani ya Kew, London, mwaka 1773. Ya pili, Strelitzia nicolai, ni mti. Nje hupita mita 6, ua lake ni jeupe lenye mdomo mweusi-mweusi, na halitoki mpaka mmea ukomae na kuwa na shina. Ile ya kwenye picha za sebuleni karibu zote ni hii. Sisi wauzaji tuna lawama hapa, maana mche wa nicolai unawekwa chini ya picha ya ua la chungwa na mteja anaondoka akiwa na matumaini yasiyo yake. Nimewahi hata kuletewa mti wa msafiri wa Madagaska, mwenye nao ameambiwa ni strelizia. Ni ndugu, sawa, lakini ua la chungwa hapo asahau.

Kama yako ni nicolai na iko ndani, ipende kwa majani yake. Kama ni reginae, tuzungumze jua.

Macho yetu yanatudanganya. Sebule unayoiona ina mwanga tele, ukiongeza pazia na vioo vya tinti, kwa mmea huu ni kama jioni siku nzima. Majani utapata, maua hapana. Reginae inataka jua lenyewe liiguse, saa 4 kwa siku kwa uchache, na 6 ni bora. Dirisha la mashariki linafaa, kwa sababu jua la saa moja hadi saa nne au tano asubuhi haliunguzi. Hapa kwetu jua linaegemea kaskazini mwezi wa sita na wa saba, kisha Desemba linahamia kusini, kwa hiyo dirisha lililokufaa Julai linaweza kukuangusha Krismasi. Mwenye kibaraza asijisumbue na madirisha, aitoe nje. Lakini aitoe polepole, wiki ya kwanza kivulini, wiki ya pili jua la asubuhi tu. Ukiirusha juani siku moja, majani yatababuka kama yamemwagiwa maji ya moto.

La pili, baada ya jua, ni chungu cha kupandia, na hili nilijifunza kwa hasara. Nilipoanza kitalu nilikuwa na reginae iliyojibana kwenye ndoo ya lita 10, nayo ilinipa maua bila kuombwa. Nikaionea huruma. Nikaihamishia kwenye pipa lililokatwa nusu, nikajaza samadi. Ilinawiri hadi majirani wakaisifu, na kwa karibu miaka miwili sikuona ua. Mizizi yake ni minene kama vidole, na ikipata nafasi inashughulika kujaza nafasi kwanza. Siku hizi sibadilishi chungu mpaka mizizi ianze kupasua plastiki, na nikibadilisha naongeza saizi moja tu. Ukiigawa matunguu ili upate miche, ujue itanuna msimu mzima au zaidi.

Udongo wangu ni sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga mnene. Maji naipa nikizamisha kidole hadi pingili ya pili na kukuta pakavu. Kisahani chenye maji yaliyotuama kinaozesha mizizi. Urea iachie mahindi, hapa utavuna majani. Vidung'ata na wadudu gamba hujificha pale kikonyo kinapokumbatia mwenzake, nami huwafuta kwa pamba yenye spiriti. Majani kuchanika si ugonjwa, usiyakate.

Mdomo wa ua ukija, unachomoza ubavuni mwa kikonyo cha jani, umechongoka, na asiyeujua hudhani ni jani jipya. Unapanda, kisha unalala kama mdomo wa ndege, ukingo mwekundu. Siku moja unakuta umepasuka mgongoni: sepali tatu (majani ya nje ya ua) za chungwa zimesimama, na mshale wa buluu umenyooka mbele. Mshale huo ni petali mbili (majani ya ndani ya ua) zilizoshikana kuficha chavua. Kwao Afrika Kusini ndege aitwaye mnana anatua juu yake kutafuta nekta, uzito wake unaufungua, na chavua inampaka miguuni.

Ua la kwanza likinyauka, tafadhali usikate mdomo. Ndani yake kuna mengine manne au matano yanasubiri zamu. Yakichelewa, ingiza kidole gumba kwenye ule mpasuko, utakuta utelezi kama wa bamia. Linyanyue linalofuata taratibu, litasimama lenyewe.