Jalada la Gemu ya Mkakati: Nionyeshe Uamuzi, Machweo Nimeyaona

Kazi nyingi zinazoletwa kwangu nizikague zimechorwa vizuri. Mkono wa msanii unaonekana, rangi zimetulia, na ukilitundika jalada ukutani wageni watalisifu. Kwenye duka la mtandaoni ndiko linakokwama. Mnunuzi anapita akiwa na kidole kwenye kioo cha simu au gurudumu la mausi, na jalada lina nafasi ya kumjibu swali moja tu: nikifungua gemu hii, nitakuwa nafanya nini?

Gemu ya bunduki hujibu kwa bunduki, na ya mbio hujibu kwa gari. Sisi wa gemu za mkakati tuna kazi ngumu zaidi, kwa sababu mchezaji wetu anafikiri, anasubiri, anapima hasara mbili achague iliyo nafuu. Mambo hayo hayachoreki kirahisi, ndiyo maana wasanii wengi hukimbilia mandhari.

Mfano ninao mkononi, na wenyewe wameniruhusu niuseme bila kuitaja gemu. Vijana wawili wa hapa Mombasa wanatengeneza gemu ya biashara ya majahazi katika pwani yetu. Inachezwa zamu kwa zamu, na kila kitu kinategemea upepo. Kaskazi ikivuma, vyombo vinashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ikiingia, ndio wakati wa kurudi. Ukichelewa kupakia, msimu unakufungia bandarini na mali yako. Ni wazo zuri sana, na sijaona wengi wakiligusa. Jalada walilonitumia lilikuwa na jahazi moja, tanga limejaa, jua linazama nyuma yake, na chini kipande cha Fort Jesus.

"Dada, tuambie ukweli," wakaandika.

Ukweli ni kwamba nilidhani ni tangazo la safari za jioni za watalii. Jahazi moja na machweo humwambia mtu apumzike. Gemu yao haimpumzishi mtu, inamkaba koo. Mpenzi wa mkakati atalipita, na mpenda utulivu atakayelibofya atarudisha pesa zake akishaona jedwali la bei za pembe za ndovu na miti ya mikoko.

Sisemi utulivu ni kosa. Dorfromantik, gemu ya Wajerumani ya kupanga vigae vya pembe sita, ina jalada laini lenye vijiji na mashamba. Ni haki yake, kwa kuwa ndani hakuna adui wala saa inayokimbiza. Mini Metro nayo huonyesha mistari ya rangi na alama za vituo, kama ramani ya treni, na ukiifungua unakuta hiyo hiyo. Majalada haya mawili hayafanani hata kidogo, lakini kila moja limeahidi kile kilichomo.

Kabla ya kuhukumu uzuri, mimi hulipunguza jalada. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huziita picha za jalada kapsuli; siku hizi hutaka kapsuli ya kichwa, ile ya juu ya ukurasa, ya pikseli 920 kwa 430, na ndogo ya 462 kwa 174. Vijana wakiona namba hizo hufurahi, wanaona wana nafasi. Hawasomi mbele kwamba ile ndogo hupunguzwa na mfumo wenyewe hadi 184 kwa 69, na hata 120 kwa 45. Pikseli 45 kwenda juu! Hapo nakshi za mlango wa Mji wa Kale walizozungushia jalada lao ziligeuka vumbi, na zilikuwa zimekula sehemu nzuri ya nafasi. Jina la gemu ndilo lililoumia zaidi. Walitumia herufi za Kilatini zilizopindwapindwa zifanane na khati ya Kiarabu. Kwenye kompyuta kubwa zinapendeza. Zikipunguzwa, huwezi kutofautisha a na o.

Tembea Biashara Street uone leso zilizotundikwa madukani. Ukiwa ng'ambo ya barabara, macho yanapokea rangi na mji, ile picha ya katikati, kwanza, kisha pindo, na jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, unalisoma ukishasogea. Jalada nalo husomwa kwa hatua, ila mnunuzi wa dukani hasogei. Jina lisilosomeka kutoka ng'ambo ni kama halikuandikwa. Kwa ile kapsuli ndogo nawashauri watu waachie jina lijae karibu nafasi yote, na picha ibaki kipande kimoja tu cha kutambulisha.

Kisha naondoa rangi zote nibaki na nyeusi na nyeupe. Kipimo hiki hakina huruma. Tanga lao la kahawia na anga la machungwa vilikuwa kijivu kimoja, jahazi likayeyuka. Rangi ilikuwa inaficha kwamba picha haina mwanga wala kivuli cha kutenganisha kitu na kitu. Mtu anayetazama simu ya bei nafuu, mwangaza ameupunguza aokoe chaji, yuko juani pale ufukweni Mama Ngina, anaona karibu hicho hicho kijivu.

Hatua inayofuata ni kuliweka kati ya majirani zake. Napiga picha ya ukurasa wa gemu za mkakati dukani, nalibandika jalada letu katikati, nalipitisha haraka. Hapa natafuta mambo mawili yanayovutana. Lazima lifanane na majirani kiasi cha kujulikana ni la ukoo huo: kamera iliyoinuliwa juu, vitu vingi badala ya kimoja, ardhi au maji yanayoonekana kama uwanja wa kuchezea. Na lazima liwe na kitu ambacho wengine hawana. Vijana wetu hilo la pili walikuwa nalo bure: majumba ya mawe ya matumbawe, foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lenyewe la pembetatu. La kwanza ndilo walilokosa.

"Sasa tuchore nini, dada, ramani?"

Ramani ingefaa, lakini gemu za ramani ni nyingi. Niliwauliza ni zamu gani ndani ya gemu inayowaumiza vichwa wao wenyewe. Wakajibu bila kufikiri: mwisho wa kaskazi, shehena ikiwa nusu, unajiuliza uondoke sasa au ungoje. Basi jalada ni hilo. Kamera juu ya bandari, imeinama kidogo. Jahazi moja linatoka, tanga limevimba, limepakia kidogo na linaelea juu. Jingine limekaa kando ya gati, tanga limeshushwa, mizigo bado inapanda. Mawingu mazito yanasogea upande mmoja. Huhitaji kujua kusi ni nini ili uone kwamba mmoja kati ya manahodha hawa wawili atajuta.

Kuna aliyewashauri waweke uso mkubwa wa nahodha. Uso huvuta macho, sikatai. Lakini uso peke yake huahidi hadithi ya mtu mmoja, na wao hawana hadithi, wana hesabu. Nahodha nimemkubali awe mdogo, gatini, kichwa ameelekeza mawinguni.

Chini ya jina walikuwa wameandika sentensi ya kujisifu kwamba hakuna gemu nyingine kama hiyo. Hiyo niliifuta bila mjadala. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2022, Steam imezuia maandishi kwenye kapsuli yasiyo jina la gemu na jina dogo rasmi. Sifa za wahakiki, tuzo, punguzo la bei, vyote haviruhusiwi. Na hata vingeruhusiwa, kwenye pikseli 45 ungeviandika wapi?

Walitaka pia kuokoa pesa kwa kutumia picha ya akili bandia. Tangu Januari 2024 Steam inawataka watengenezaji waseme wakiitumia, na maelezo hayo huonekana kwenye ukurasa wa gemu. Mimi hofu yangu ni ya karibu zaidi. Picha waliyonionyesha ilikuwa na kamba zinazoanzia mlingotini na kuishia hewani. Wachezaji wa mkakati ni watu wa kuhesabu kamba. Wakiona umelikosea jahazi, watadhani na hesabu za bei umezikosea.

Nikisema jaribu kwa watu, simaanishi jamaa na marafiki. Hapa kwetu ukimwonyesha mtu kazi yako atakwambia "mashallah, imependeza", na adabu hiyo haikusaidii. Tafuta mtu anayecheza mkakati na asiyekujua. Mwonyeshe kwa muda mfupi, ficha, kisha muulize: mle ndani ungekuwa unafanya nini? Akikwambia "nasafiri," rudi kuchora. Akikwambia "nachagua nani aondoke," umemaliza. Ukiwa Google Play, duka lenyewe lina sehemu ya kujaribisha picha mbili kwa wateja halisi. Steam haina chombo hicho, ila inakuonyesha jalada limetokea mara ngapi na ukurasa umetembelewa mara ngapi. Badilisha jalada siku ambazo huna kingine unachokifanya, maana ukilibadilisha wakati wa Next Fest, yale matamasha ya Steam ya Februari, Juni na Oktoba, hutajua ongezeko limetoka kwa picha au kwa tamasha.

Jambo la umbo niligusie tu: usikate picha ya mlalo ukaiita ya wima. Kapsuli ya wima ni 748 kwa 896, na ya maktaba, yaani orodha ya gemu ambazo mchezaji anazo tayari, ni 600 kwa 900. Huko mlingoti unapata nafasi ya kusimama, kwa hiyo panga upya tangu mwanzo.

Tulichobishania hadi mwisho ni Fort Jesus. Naelewa, ni nyumbani. Lakini ngome ile ilianzwa na Wareno mwaka 1593 kwa ajili ya vita, na Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Mtu wa Poland ambaye hajawahi kusikia Mombasa ataona ukuta na minara ya ulinzi, ataamini ni gemu ya kuzingirwa, kisha atafungua akute mizani ya karafuu. Wangekuwa wanatengeneza gemu ya mazingiwa, ningewaambia waijaze jalada zima.

Hawakukubali iondoke kabisa. Tukakubaliana iende kwenye lile bango pana la maktaba, pikseli 3840 kwa 1240, ambalo Steam haitaki liwe na maandishi yoyote. Huko wameichora yote, kuta zake na jua linazama. Sina neno. Anayelifikia bango hilo gemu anayo tayari.