Je, wajua kwa nini kuloweka viazi usiku kucha hakutoi potasiamu?

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa figo bila shaka ushaambiwa hii: menya viazi, kata, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, basi potasiamu imetoka pika unavyopenda. Ushauri huu umezunguka miaka mingi na watu wanaufuata kwa moyo mmoja, ila hatua muhimu haimo.

Kwa kifupi, potasiamu ni madini yaliyomo karibu kwenye kila kitu kinachoota, na figo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya ile inayozidi kupitia mkojo. Figo zikichoka inabaki kwenye damu, na ikipanda sana (kiwango cha kawaida kwenye damu ni kama 3.5 hadi 5.0 mmol/L, yaani milimoli kwa lita) mapigo ya moyo yanavurugika, mtu anaweza kufa ghafla. Ndio maana wengine wanapewa ile orodha ya kukatisha tamaa ya vyakula vya kupunguza: ndizi, viazi, mihogo, maharage, mchicha, parachichi, nyanya, machungwa, madafu. Sio kila mgonjwa wa figo lakini, inategemea vipimo vyake vya damu, na wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo wengine potasiamu yao huwa chini mno, kwahiyo usimkatie mtu chakula kabla daktari hajasema.

Sasa wengi wanadhani moto unaua potasiamu kama unavyoua vitamini C. Hauui. Potasiamu ni elementi, yaani kitu ambacho moto hauwezi kukivunja kikawa kingine, hata ukiunguza kiazi kikawa majivu yenyewe iko palepale kwenye majivu, na ndio maana yale maji ya majivu ya maganda ya maharage ambayo magharibi mwa Kenya watu wanalainishia mboga yana potasiamu nyingi sana. Kwahiyo kukaanga hakuitoi, kuchoma hakuitoi, kuoka hakuitoi. Jikoni kuna njia moja tu, iingie kwenye maji halafu maji yamwagwe.

Mbona basi kuloweka kusitoshe, si maji hayo? Shida ni kwamba potasiamu karibu yote iko ndani ya seli, na seli ya kiazi kibichi bado nzima, utando wake unaishikilia. Chukulia daladala imejaa abiria na mlango umefungwa, hata ikae stendi mpaka asubuhi hashuki mtu, labda wawili watatu waliokuwa wananing'inia mlangoni, na hao ndio zile seli ulizozikata kwa kisu. Moto kazi yake ni kufungua mlango, utando ukiungua unapasuka abiria wanaanza kushuka. Ila wa siti za nyuma wanachelewa, ndio maana kipande kikubwa kinabaki na potasiamu katikati na vipande vidogo vinatoa haraka. Na stendi ikiwa finyu imejaa watu hata mlango ukiwa wazi hakuna pa kushukia, yani maji kidogo hayafai, lazima yawe mengi.

Hii imepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye Journal of Food Science kwamba kuloweka peke yake hakukupunguza potasiamu ya viazi kwa kiasi cha maana, kuchemsha vilivyokatwa vipande kuliondoa karibu 50%, na vilivyokwanguliwa vyembamba karibu 75%. Namba hizo ni za viazi mviringo tu, usizibebe ukazitia kwenye mihogo au ndizi kama zilivyo. Halafu hata nusu ikitoka bado kiasi ni kiasi, gramu 100 za kiazi kibichi zina kama miligramu 400, ukitoa nusu zimebaki 200, kwahiyo kuchemsha sio ruhusa ya kujaza sahani.

Ukishaelewa hapo mapishi yanafunguka, kwa sababu unajua kipi cha kugeuza. Tatizo kubwa la vyakula vyetu ni kwamba tunapenda kupika mpaka maji yakauke, au tunakunywa yale maji. Mtori, mchemsho, kisamvu, maharage ya rojo, vyote potasiamu imetoka kwenye chakula ikabaki kwenye sufuria ileile. Mtori wa mgonjwa unawezekana ukichemsha ndizi zilizokatwa ndogo peke yake, ukamwaga, ukaziponda na maji mapya, kitunguu kilichokaangwa na nyama kidogo (sio supu ya mifupa, nayo ina yake). Viazi vilivyochemshwa na kuchujwa ndio hivyohivyo vinakuwa katlesi, kachori, au vya kukaanga na bizari, na mlaji hatojua vilipitia wapi. Mchicha chemsha, kamua, ndipo ukaange. Vitamini nazo zinaondoka na maji hayo, hasa C na foleti, hiyo ndio gharama yake.

Ladha ndio inahitaji akili kidogo. Nyanya ya kopo imekolezwa na potasiamu imekolezwa nayo, rangi tafuta kwenye bizari na pilipili hoho. Uchachu wa ukwaju badilisha na ndimu au siki. Tui weka kijiko kimoja au viwili mwishoni badala ya kupikia kikombe kizima. Kabichi, biringanya, tango, vitunguu na wali mweupe viko upande wa kuruhusiwa, na kwa hivyo tu mtu anaweza kula wiki nzima bila kurudia mboga moja siku mbili mfululizo.

Chumvi ndio iangaliwe kwa makini kuliko vyote. Zile chumvi zinazouzwa kuwa nzuri kwa wenye presha, zenye sodiamu pungufu, nyingi pengo hilo wamelijaza kwa potasiamu kloraidi. Kwa mtu ambaye figo zake hazitoi potasiamu ni hatari kubwa, na kwenye hiyo huwezi kuichemsha ukamwaga, soma pakiti ukiikuta rudisha rafuni.