Kisukari cha paka: hakiponi, lakini chatibika

Paka wa miaka kumi na miwili akipimwa na kukutwa na kisukari, neno la kwanza utakalolisikia barazani, iwe Mkomani au Langoni, mitaa ya Lamu, ni "basi huyo, ugonjwa wenyewe hautibiki." Siku ya pili watu washaulizana nani atampiga sindano ya kumpumzisha. Huenda paka huyo alikuwa na miaka mingine ya kuota jua juu ya daka, kibaraza cha mlangoni. Neno moja limewekwa pahali pa jingine, na anayelipa ni paka.

Kisukari ni sukari kujaa katika damu kwa sababu insulini, homoni ya kongosho inayoishusha sukari, haitoshi au mwili hauiitikii. Kwa paka wazee hufanana na kisukari cha aina ya pili cha binadamu, na huwapata zaidi madume waliohasiwa, wanene, wasiotoka kuwinda, na waliotumia muda mrefu dawa za steroidi, zile kali za kutuliza uvimbe. Sukari ikipita kama milimoli 15 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha, nayo humwagika na mkojo ikivuta maji. Ndipo unapomkuta paka kaganda juu ya ndoo ya maji, mchanga anaojisaidia umelowa chepechepe, na sisimizi wamepanga msitari kuufuata. Anakula kuliko zamani na huku uti wa mgongo unatokeza. Wengine hushuka nyuma: paka hutembea kwa vidole, lakini huyu hukanyaga kisigino chote sakafuni, kwa kuwa sukari imemharibu mishipa ya fahamu. Wala asilaumiwe mtoto aliyempa peremende. Paka hana uwezo wa kuonja utamu wa sukari.

Hiyo ndiyo maana ya kisukari. Sasa tuje kwenye maneno.

"Tiba" limetoka kwenye Kiarabu, tibb, mzizi mmoja na tabibu. Ni kazi ya kumhudumia mgonjwa: kupima, kutoa dawa, kurudia kupima. Neno halisemi kitu juu ya mwisho wa kazi hiyo. "Kupona" ni la Kibantu tangu asili, karibu na "kupoa", na pwani bado twasema dawa imempoza mtu, kama vile homa ni moto na uzima ni ubaridi. Kupona ni ugonjwa kwisha, na pia ni kusalimika, kama aliyeponea chupuchupu chombo kilipozama. Kisha ukitia kiambishi -ika kwenye tibu unapata "tibika", yaani kukubali kutibiwa. Kwa hivyo "hakitibiki" maana yake ni kwamba hakuna la kufanya. "Hakiponi" maana yake ni kwamba lipo la kufanya, ila litafanywa kila siku. Shinikizo la damu la bibi yako haliponi, na hakuna mtu aliyesema halitibiki.

Katikati yao lipo la tatu, "nafuu", nalo pia la Kiarabu, kutoka naf', faida. Kwa paka neno hili lina uzito wa pekee. Paka aliyeanzishiwa insulini mapema na kupunguziwa wanga anaweza kufika pahali sukari ikakaa sawa wiki nne au zaidi bila sindano hata moja. Watu hushangilia kuwa kapona. Hajapona. Amepata nafuu, na kongosho lake lingali dhaifu. Akirudishiwa wali kwa mchuzi, akinenepa tena au akipewa steroidi, sukari yaweza kurudi. Anayesema "kapona" huacha kupima, na hapo ndipo anapoharibu.

Tiba yenyewe haina miujiza. Sindano ni mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, chini ya ngozi iliyolegea ubavuni au mgongoni, baada ya kula. Daktari wa mifugo huanza kidogo, mara nyingi yuniti moja kila mara, na hapandishi mpaka apime tena. Kipimo kimoja cha kliniki kisikutishe. Paka aliyeogopa hupandisha sukari hata akiwa mzima, kwa hivyo daktari hutaka pia kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki kadhaa, au tone la damu la ukingo wa sikio, lililochukuliwa nyumbani paka akiwa ametulia.

Kosa linaloua ni sirinji. Insulini ya binadamu ya duka la dawa kwa kawaida ni yuniti 100 kwa mililita, na baadhi ya insulini za wanyama ni yuniti 40. Kila moja ina sirinji yake. Ukivuta ile ya 100 kwa sirinji ya 40 mpaka alama ya moja, umempiga yuniti mbili na nusu. Ataanza kuyumba, kulegea, pengine kutukutika degedege. Mpake asali kwenye fizi kwa kidole, usimimine kinywani, kisha mkimbize kwa daktari. Asipokula asubuhi, usimpige dozi kamili kwa mazoea. Muulize daktari kwanza.

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa yataka ubaridi wa digrii 2 hadi 8, na isigande. Umeme ukikatika, ifunge kwa kitambaa uiweke pembeni mwa mtungi wa maji, kwenye kivuli, na usiitie ndani ya barafu. Chakula nacho kiwe nyama au samaki aliyepikwa, wali na ugali viondolewe. Samaki wabichi wa sokoni pekee hawafai, kwani baadhi yao huvunja vitamini B1 mwilini, na mafuta mengi ya jodari bila vitamini E humletea paka maradhi mengine.

Je, upo wakati wa ile sindano ya mwisho? Upo, na kuuficha si huruma. Figo zikifa pamoja na kisukari, kongosho likiwaka mara kwa mara, au damu ikiingia asidi, atapike, agome kula na pumzi inuke kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na drip na insulini zisimrudishe, hapo swali ni la haki. Tia alama kwenye kalenda kila jioni: leo alikula, alijilamba, alikuja mlangoni, au hapana. Siku mbaya zikizidi njema wiki mbili mfululizo, kalenda imekwambia. Nao ambao hawana uwezo wa insulini na wa kuwepo nyumbani saa moja na saa moja wasidhihakiwe. Wamweleze daktari wazi, kwa sababu kumwacha paka akauke kwa kiu wiki sita ni vibaya kuliko vyote. Hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfunga paka bila chakula mpaka akafa twaijua sote.

Jambo hilo likifika, liitwe kwa jina. "Tumlaze" halifai: kulazwa ni kutiwa wodini, na wapo waliorudi jioni kumchukua paka wao. Daktari humtuliza kwanza, kisha humpa dawa ya usingizi kupita kiasi mshipani. Paka hupoteza fahamu ndani ya sekunde, moyo husimama ndani ya dakika chache, na macho hubaki wazi.

Siku hiyo ndiyo neno lile la barazani hupata pahali pake, kwa herufi chache tu tofauti. Usiseme ugonjwa hautibiki, wala kisukari hakitibiki. Sema: huyu paka wetu hatibiki tena.