Michoro ya miambani si ramani ya dhahabu ya Mjerumani

Katika makundi ya simu hapa Mwanza huzunguka ujumbe kwamba miduara myekundu na myeupe iliyochorwa miambani ni alama za Wajerumani kuonyesha walikozika dhahabu. Si kweli. Michoro mingi ya Kondoa, yenye twiga na swala, ina umri wa maelfu ya miaka, ilhali utawala wa Kijerumani ulianza 1885. Anayetaka kuhakiki aitazame miduara ya kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa ziwa letu, ambako Wajerumani hawakutawala kamwe. Mkanganyiko unaeleweka, kwa kuwa waliuacha mji huu vitani mwaka 1916. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo: wachimbaji wanaouamini huvuruga tabaka za udongo ambazo wataalamu hutegemea kukadiria umri wa michoro, na hasara hiyo hairekebishiki.